Somo: Dodoma mpaka michoro ya Kolo, kwenda na kurudi siku moja

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006: mapango zaidi ya 150 ndani ya kilomita za mraba 2,336. Kwa siku moja lenga Mongomi wa Kolo tu, yaani mapango ya mlimani karibu na kijiji cha Kolo.

1. Panda basi la alfajiri la Babati au Arusha, stendi ya Nanenane. Ni lami tupu, kama kilomita 180. Mkumbushe kondakta mapema kuwa unashuka Kolo. Basi linaloishia Kondoa mjini litakuacha kilomita 25 hivi nyuma.

2. Anzia ofisi ya mambo ya kale hapo Kolo: lipa, chukua mwongozaji. Weka pesa ya kutosha kwenye simu, maana malipo ya serikali huenda kwa kumbukumbu namba (control number).

3. Kufika chini ya mlima ni kama kilomita 10 za vumbi. Ukikodi bodaboda, patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja. Ukipatana ya kwenda tu, utarudi kwa miguu. Kisha kuna kupanda. Viatu vyenye meno, maji lita 2 kwa kila mtu.

4. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu anatoka juani, anatazama nusu dakika, anasema hakuna kitu. Kaa kivulini dakika tano, macho yazoee. Tafuta kwanza wekundu: watu warefu wembamba, twiga, swala. Weupe mnene uliopakwa juu yake ni wa baadaye. Watafiti huuhusisha na wakulima, na wekundu na wawindaji wa jamii ya Wasandawe. Kilicholala juu ndicho kipya.

Usimwagie mwamba maji ili rangi ing'ae. Hung'aa dakika chache, kisha maji yakikauka chumvi hubaki juu kama ukungu na rangi humeguka nayo. Vidole navyo vina jasho na mafuta, viweke mfukoni.

MASWALI

Wakuu, gari dogo linafika?
Kolo, ndiyo. Kuendelea mlimani, kiangazi tu na gari lililoinuka. Desemba hadi Aprili makorongo hujaa, usijaribu.

Mbona picha zangu michoro inatoka giza?
Umeingiza anga kwenye picha, kamera ikapunguza mwanga. Jaza picha na mwamba peke yake, gusa kioo palipo na mchoro. Flashi izime.

Nilikuta kibuyu na nafaka chini ya mwamba. Ni uchafu wa wageni?
Hapana ndugu, ni tambiko. Wenyeji bado huomba mvua na afya pale. Usiguse wala usipige picha; ukiwakuta wenyewe, kaa mbali na umwache mwongozaji azungumze nao kwanza.