Mhenga aliyekuwa askari wa Malkia: shika rejimenti kabla ya jina

Kwenye makundi ya WhatsApp ya familia swali hili halikosi kurudi. Upande wa mume Mwingereza, au upande wa bibi aliyekuwa chotara, kuna mzee wa karne ya 19 anayesemekana alikuwa askari. Basi ninyi mnaoishi Uingereza mnaombwa "mpite tu pale Kew", kwenye hifadhi ya nyaraka za taifa jijini London, "mchukue faili lake". Ndugu zetu, hakuna faili linalochukuliwa kwa kupita. Na kinachowaumiza watu si foleni wala ada. Ni kuandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, akatokea mtu mwenye jina lilelile, mkamfanyia sherehe, kumbe ni babu wa watu wengine.

Mtego wenyewe ni huu. Karatasi za askari wa kawaida wa jeshi la Uingereza, yaani asiye afisa, ziko The National Archives, Kew, kwenye mfululizo unaoitwa WO 97 (WO ni War Office, wizara ya vita), na picha zake zimewekwa Findmypast, tovuti ya kulipia ya kutafuta ukoo. Mfululizo huo unaanzia 1760 na kuishia 1913, ndiyo maana watu hudhani kila askari yumo. Hayumo. Kwa walioacha jeshi kabla ya 1883, zilizotunzwa humo ni karatasi za waliopewa pensheni. Aliyekufa kwa kipindupindu India akiwa kazini, aliyetoroka, aliyelipa fedha akaachiwa mapema: hao kwa kawaida huwakuti. Kuanzia 1883 ndipo zikaanza kutunzwa pia karatasi za waliomaliza mkataba bila pensheni.

Angalieni pengo hilo linamwangukia nani. Mwaka 1870 jeshi lilileta mkataba mfupi: kwa askari wa miguu, miaka sita kazini na sita kwenye jeshi la akiba. Aliyeingia 1870 alimaliza yote 1882, bila pensheni, mwaka mmoja kabla ya mlango kufunguliwa. Kijana wa namna hiyo unaweza kumtafuta WO 97 hadi macho yaume. Kumkosa hakumaanishi kwamba hakuwa askari, na wala si ruhusa ya kumchukua mwenzake wa jina moja. Narudia: kumkosa si ruhusa.

Na wenzake wa jina moja ni wengi mno. Mwaka 1830 zaidi ya asilimia 40 ya askari wa jeshi hili walikuwa Waayalandi, kwa hiyo ukiandika John Murphy au Patrick Kelly utapata umati. Cha kulinganisha ni parokia aliyozaliwa na kazi aliyofanya kabla ya jeshi. Umri usiutegemee, kwa sababu vijana waliongeza miaka ili wapokelewe na watu wazima walipunguza kwa sababu hiyohiyo. Wengine hata jina walidanganya. Namba ya askari nayo haisaidii ikiwa peke yake. Kabla ya 1920 kila rejimenti, yaani kikosi kikubwa chenye jina au namba yake, ilitoa namba zake, kwa hiyo namba 1200 walikuwa nayo watu kibao kwa wakati mmoja.

Halafu kuna neno Chelsea. Kwenye karatasi hizi utalikuta kila mahali, na kuna jamaa wameshatangaza kwamba mzee alilazwa hospitali, au aliishi mtaa wa matajiri. Royal Hospital Chelsea ndiyo iliyosimamia pensheni. Wengi wa wastaafu wake walikaa kwao, Cork au Glasgow, wakilipwa hukohuko.

Kwa hiyo kwanza ipate rejimenti. Kama familia ina nishani, usiisugue kwa dawa ya kung'arisha. Igeuze uangalie ukingoni, kwenye ule unene wake, kwa mwanga wa pembeni. Nishani nyingi za vita za karne ile ziliandikwa hapo namba, cheo, jina na rejimenti, kwa herufi ndogo zinazofutika kwa kusuguliwa. Hakuna nishani? Chukua cheti cha ndoa au cha kuzaliwa mtoto, kwenye safu ya kazi ya baba. Hakuna hata hicho? Fungua sensa, utazame watoto walizaliwa wapi. Mtoto mmoja Gibraltar, wa pili Malta, wa tatu Poona kule India: hiyo ni njia ya rejimenti. Ripoti za kila mwezi za mahali vikosi vilipokuwa ziko WO 17 na baadaye WO 73, na rejimenti zilizopita vituo hivyo vitatu kwa miaka hiyo huwa chache.

Jihadhari na 1881. Mwaka huo rejimenti za miguu zilizojulikana kwa namba zilipewa majina ya majimbo, na nyingi ziliunganishwa mbilimbili. Ya 57 na ya 77 ndizo zilizokuwa Middlesex Regiment. Ukitafuta Middlesex Regiment kwa askari wa vita vya Crimea, vya miaka ya 1850, unatafuta kitu ambacho hakijazaliwa.

Ukishaijua rejimenti, hata yule asiye na pensheni anapatikana, kwenye madaftari ya mahudhurio na malipo: WO 12 hadi miaka ya 1870, kisha WO 16 hadi 1898. Askari wa mizinga wana WO 10. Madaftari haya yalijazwa kila robo mwaka, na mengi hayako mtandaoni, lazima uyafungue kwa mkono. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho wa kila robo, kwenye orodha ya walioondoka: waliokufa, walioachishwa, waliotoroka. Mara nyingi hapo ndipo palipoandikwa alikozaliwa, kazi yake na siku aliyoandikishwa. Ukipata robo ambayo jina linakoma, umeshapata jibu. Orodha za nishani ziko WO 100, na nakala zake zipo Ancestry, tovuti nyingine ya ukoo.

Kadi ya msomaji ni bure: jisajili mtandaoni, nenda na kitambulisho na ushahidi wa anwani, agiza madaftari siku kadhaa kabla, kalamu ya risasi tu, kupiga picha kwa kamera yako ruksa. Jumapili na Jumatatu wamefunga. Barua ya chifu au ya serikali ya mtaa haihitajiki, wala hakuna wa kumpa chai ili faili lionekane. Findmypast na Ancestry ni bure kwenye kompyuta za Kew, na maktaba nyingi za mitaa zina mojawapo. Majaribio ya bure ya nyumbani huomba kadi ya benki na hujiendeleza yenyewe, kwa hiyo usilipe kabla hujajua unamtafuta nani.

Mzee aliyetumikia India kabla ya 1861 huenda alikuwa askari wa Kampuni ya East India, na karatasi hizo ziko British Library, si Kew. Aliyekuwa kwenye Household Cavalry, askari wa farasi wanaomlinda mfalme au malkia, yuko WO 400.

Na kwetu? Anayesimuliwa kuwa "alipiga Zanzibar 1896" karibu kila mara ni baharia wa jeshi la majini: mtafute ADM 188, mfululizo wa mabaharia hukohuko Kew. Kwenye East Africa Rifles, kikosi cha Waingereza cha huku kwetu cha 1895, askari walikuwa Wasudani, Waswahili na Wapunjabi, na Waingereza walikuwa maafisa. King's African Rifles, iliyokirithi kikosi hicho, ilianza 1902, na maafisa wake wengi waliazimwa kutoka rejimenti za Uingereza, kwa hiyo anzia kwenye Army List, orodha iliyochapishwa ya maafisa wa jeshi. Nishani ya kampeni dhidi ya Mbaruk wa Mazrui, aliyewaasi Waingereza pwani ya Kenya, inajulikana kwa neno Mwele lililochongwa ukingoni.

Msikubali jibu la "yaliungua vitani". Yaliyoungua kwa mabomu ya 1940 ni ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza.

Na kwa wale wa "tukimpata tutapata viza": hapana, wapendwa. Viza ya ukoo kwa raia wa Jumuiya ya Madola inataka babu au bibi aliyezaliwa Uingereza, tena kwa vyeti vya kuzaliwa. Baba wa babu hahesabiki, hata angekuwa na nishani kifua kizima.

Waingereza wameandika urefu wa askari, rangi ya macho yake na senti alizokatwa. Mke aliyeolewa bila kibali cha kamanda hawakumwandika, kwa kuwa hakustahili chumba wala posho. Mwanamke wa Kiafrika au Kihindi aliyezaa naye ndiyo kabisa. Wanaojisifu kwa kutunza kumbukumbu walichagua za nani watunze. Kwa mke aliyetambuliwa na watoto wake, omba vyeti vya rejista za rejimenti, ambazo zimeanza 1761, kwa General Register Office, ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, na utaje rejimenti kwenye ombi. Kwa asiyetambuliwa, rejista za ubatizo za kanisa la mji ule zitakufaa kuliko karatasi yoyote ya jeshi.