Unataka seva ya pili ya PostgreSQL? Piga hesabu kwanza kabla ya kununua chuma

Simu huwa zinakuja hivi: "Mkuu, bosi amekubali tununue seva ya pili, tuchukue ya RAM ngapi?" Mimi huwa najibu swali kwa swali. Seva ya kwanza ikifa saa nane usiku, mko tayari kupoteza kazi ya dakika ngapi? Na mko tayari kukaa bila mfumo masaa mangapi? Hapo kunakuwa kimya. Hayo maswali mawili fundi wa IT hawezi kuyajibu peke yake, ni ya mwenye biashara, mhasibu mkuu na mtu wa stoo, na majibu yao ndo yanaamua karibu kila kitu kinachofuata, kwa hiyo usiguse bei ya seva kabla hujawaweka mezani na kuandika namba mbili kwenye karatasi. Wakikwambia "hatutaki kupoteza hata sekunde moja na tusizime hata dakika moja" waambie sawa, ila gharama yake ni hii, utaona wanashuka wenyewe.

Hapa naongelea PostgreSQL, programu ya kuendesha databezi, maana ndo ninayoishi nayo kila siku, na mfano wetu ni kampuni yenye ofisi kuu Dar, mfumo wa stoo, uhasibu na mishahara vyote kwenye databezi moja ya GB 400, na wanataka nakala hai ikae Dodoma. Ya Dar nitaiita mama, ya Dodoma mtoto.

Kwanza uelewe kinachosafiri ni nini. PostgreSQL kabla haijagusa meza yoyote inaandika kwanza kwenye daftari lake linaitwa WAL, ni mafaili ya MB 16 kila moja, yanakaa kwenye folda ya pg_wal. Replikesheni ni mama kumsomea mtoto lile daftari mstari kwa mstari, mtoto naye anarudia yaleyale kwake. Basi. Ukishalishika hilo utaona linki ya ukubwa gani, diski kiasi gani, mtoto atabaki nyuma kiasi gani, yote ni swali moja tu: daftari linaandikwa kwa kasi gani?

Na hiyo kasi unaipima, hukisii. Siku ya mwisho wa mwezi, wakati mishahara inapita na stoo wanafunga hesabu (usipime Jumanne ya katikati ya mwezi utajidanganya), ingia kwa mama saa nne asubuhi andika SELECT pg_current_wal_lsn(), inakwambia daftari limefika wapi. Ikupe kitu kama 5A/10000000. Saa tano kamili rudia, tuseme inakupa 5D/94000000. Alafu unatoa:

SELECT pg_wal_lsn_diff('5D/94000000','5A/10000000');

Jibu ni baiti 15,099,494,400, yaani mafaili 900 ya MB 16 ndani ya lisaa limoja. Gawanya kwa sekunde 3,600 unapata MB 4 kwa sekunde, na linki zinauzwa kwa megabiti sio megabaiti kwa hiyo zidisha mara nane, inakuja kama megabiti 33 kwa sekunde. Na huo ni wastani wa lisaa zima, ndani yake kuna dakika zinapanda mara mbili. Sasa kama ulikuwa unafikiria linki ya megabiti 20 ambayo pia watu wa ofisini wanaangalia video humohumo, umeshaona mwenyewe. Kwa mfano huu mimi ningeomba 50 ya peke yake.

Linki ina upana na ina umbali, na umbali haununuliki. Mwanga ndani ya fiber unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, Dar hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, kwenda na kurudi haiwezi kuwa chini ya milisekunde 4 na nusu hata ufanyeje, na ukiweka ma-router ya njiani inaongezeka. Milisekunde 5 inaonekana kitu kidogo. Lakini ukichagua ile namna ambayo mama hamwambii mtumiaji "imekubali" mpaka mtoto naye athibitishe ameandika, kila muamala unasubiri hiyo safari. Programu ya mishahara iliyoandikwa vibaya, inayofunga muamala mmoja kwa kila mstari, ikiwa na mistari 20,000 unaongeza sekunde 100 ambazo zamani hazikuwepo, na mhasibu atakupigia wewe, hatampigia aliyeiandika. Jingine, ukiwa na mtoto mmoja tu kwenye synchronous_standby_names (orodha ya watoto ambao mama lazima awasubiri) na yule mtoto akazimika, mama hafi lakini miamala yote ya kuandika inaning'inia inamsubiri. Yaani umenunua seva ya pili ili usizime, na sasa una seva mbili ambazo yoyote ikizima kazi inasimama. Ndo maana kampuni nyingi nawashauri waende na ile isiyosubiri, wakubali kupoteza sekunde chache siku ya balaa, na wanaotaka kusubiri wawe na watoto wawili, mmoja karibu hapohapo mjini.

Kuna wanaosema tusihangaike na Dodoma, tuweke mtoto kwenye klaudi huko Ulaya. Inawezekana. Ila kumbuka tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilivyokatika, intaneti ikayumba ukanda mzima huu, linki ya ndani ya nchi hiyo habari haiihusu sana. Pia Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya wana ya kwao ya 2019, kutoa taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake na databezi ya mishahara imejaa taarifa za watu. Muone mwanasheria kabla, sio baada.

Nakala ya kwanza watu wanaisahau. Kabla mtoto hajaanza kusomewa daftari lazima apate GB 400 nzima kama ilivyo. Kwa megabiti 50 hiyo ni karibu masaa 18, na hapo hamna mtu mwingine anayegusa linki, wakati huohuo mama anaendelea kuandika na daftari nalo linataka kupita. Njia yangu mimi, na usicheke, ni diski ya nje iliyosimbwa, unapanda nayo treni ya SGR, jioni uko Dodoma unaichomeka. Pg_basebackup, amri ya kupiga nakala nzima ya mama, unaiendeshea hapohapo Dar:

pg_basebackup -h mama -U mrudufu -D /mnt/diski/mtoto -C -S dodoma -X stream -R -P

Hiyo -C na -S dodoma zinatengeneza sloti, maana yake mama anaambiwa "usifute ukurasa wowote wa daftari mpaka dodoma aseme ameupata", kwa hiyo hata ukilala njiani siku mbili utakuta kurasa zako zinakusubiri. Hiyo -R inaandika faili la standby.signal na maelezo ya kumpata mama, ila kwa kuwa umeiendeshea Dar anwani iliyoandikwa ni ya Dar ya ndani, ukifika fungua postgresql.auto.conf urekebishe primary_conninfo kabla hujawasha.

Sasa hiyo sloti. Tulia hapa kidogo maana ndo imenitoa jasho kuliko kitu kingine chochote kwenye hii kazi. Sloti haina huruma, ukiiambia itunze itatunza hadi diski ijae, kwa sababu max_slot_wal_keep_size ikiachwa ilivyokuja ni -1, maana yake bila kikomo. Kuna sehemu nilikuwa nasaidia, Ijumaa saa kumi jioni tukamzima mtoto abadilishwe RAM, RAM ikagoma, fundi akasema Jumatatu, tukaenda nyumbani. Mama alikuwa na GB 180 zimebaki na daftari lilikuwa linaandikwa kama GB 5 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe. Jumapili saa kumi na moja alfajiri diski ikajaa na mama akaanguka, sio mtoto, mama, mfumo mzima chini, na sababu ni seva ya pili ambayo tuliileta kulinda ya kwanza. Nilikuwa nimesimama jikoni na simu sikioni nasoma pg_wal imejaa mafaili mpaka basi (na kama yakikukuta, usije ukathubutu kuyafuta kwa mkono, ongeza diski au futa sloti).

Kwa hiyo kwenye karatasi yako ya mipango andika: mtoto akipotea, mama amvumilie masaa mangapi? Mfano wetu ukisema masaa 12 ya kasi ya juu ni GB 15 mara 12, yaani GB 180, weka max_slot_wal_keep_size = 180GB, na diski ya pg_wal iwe kubwa kuzidi hapo, ikiwezekana iwe diski yake peke yake. Ikipita hapo sloti inakufa, mtoto itabidi umjenge upya, lakini mama yuko hai na watu wanafanya kazi. Kipimo hiki kipo kuanzia toleo la 13, kama uko chini ya hapo hiyo nayo ni sababu ya kupandisha.

Mambo ya matoleo: kwa replikesheni ya aina hii mama na mtoto lazima wawe toleo kuu lilelile, 16 kwa 16. Hiyo wengi wanajua. Ambayo hawajui ni mfumo endeshi. Mpangilio wa herufi PostgreSQL inaukopa kwa glibc, maktaba ya msingi ya Linux, na glibc 2.28 ilibadilisha mpangilio huo, sasa ukiwa na mama kwenye Linux ya zamani ya CentOS 7 na mtoto kwenye Rocky 9 mpya inayong'aa, kila kitu kitaonekana kinaenda vizuri, hamna eror hata moja, ila indeksi za maandishi kwa mtoto zimepangwa kwa sheria ya zamani na yeye anatafuta kwa sheria mpya. Unatafuta jina la mteja halionekani na lipo. Weka mfumo endeshi uleule pande zote.

Mipangilio mingine napita haraka. Akaunti ya replikesheni iwe yake peke yake yenye haki ya REPLICATION, sio ile akaunti kuu ya postgres. Kwenye pg_hba.conf ya mama (faili linaloamua nani aruhusiwe kuingia) andika mstari wake wa hostssl replication mrudufu na IP ya mtoto, kwa sababu neno "all" pale kwenye safu ya databezi halihesabu replikesheni, hiyo imewala watu masaa. Bandari 5432 ifunguliwe kwenye faiwoli kati ya hao wawili tu. Max_connections ya mtoto isiwe ndogo kuliko ya mama, na siku ukiongeza anza na mtoto. Washa wal_log_hints mapema (inahitaji kuzima na kuwasha) kama databezi yako haina checksums (namba za kukagua kama data imeharibika), utanishukuru huko chini tukifika kwenye pg_rewind. Saa za seva zote ziendane, tumia chrony.

Kuangalia mtoto amebaki nyuma kiasi gani, tumia pg_stat_replication kwa mama. Kile kipimo cha kuchukua now() ukatoa pg_last_xact_replay_timestamp() kwa mtoto, yaani muda tangu muamala wa mwisho aliourudia, ni kizuri ila usiku ambapo hamna anayeandika kitu kitakuonyesha "amechelewa masaa matatu" na kumbe hamna cha kusoma. Nimewahi kuamka kwa ajili hiyo. Zaidi ya mara moja.

Halafu bosi atasema, sasa tuna mtoto, ile bakapu ya kila usiku tuache kulipia. Hapana kabisa. Mtu akifuta meza Dar, Dodoma inafutika kabla hajatoa kidole kwenye kibodi, mtoto kazi yake ni kutii. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni inayowatunzia waandishi wa programu kazi zao, walipata haya na wakayaandika wenyewe hadharani: injinia alikuwa anahangaika kumjenga upya mtoto usiku, akafuta folda ya data akidhani yuko kwa mtoto, kumbe yuko kwa mama. Karibu GB 300, aliposhtuka zimebaki kama nne na nusu. Kwenda kwenye bakapu wakakuta hazipo, pg_dump, amri ya kutoa bakapu, ilikuwa ya toleo la 9.2 na databezi ni 9.6, ilikuwa inafeli kimyakimya. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mtu aliipiga masaa 6 kabla kwa kazi nyingine. Kwa hiyo bakapu inabaki, na inajaribiwa kurudishwa, na terminal ya mama ipake rangi nyekundu, ya mtoto kijani.

Mwisho ni kumpandisha mtoto awe mama. Amri yenyewe ni fupi, SELECT pg_promote(). Ila nani ana ruhusa ya kuiandika? Linki ya Dar na Dodoma ikikatika tu, mtoto haoni mama, anaweza kudhani amekufa, ukimpandisha sasa una mama wawili, Dar wanauza na Dodoma wanauza, na mafahali wawili hawakai zizi moja, kuja kuunganisha zile stoo mbili baadaye ni kazi ya mkono ya wiki nzima. Mimi kwa kampuni yenye seva mbili tu sipendi ijipandishe yenyewe. Andika majina mawili na namba za simu, andika kwamba kabla ya pg_promote lazima mtu athibitishe kwa macho au kwa simu kwamba mama amezimwa na umeme umechomolewa. Programu nazo zijue kuhama: kwa zinazotumia libpq (maktaba ya PostgreSQL ya kuunganishia programu) weka host zote mbili na target_session_attrs=read-write, za Java ni targetServerType=primary, vinginevyo utakesha unabadilisha IP kwenye kompyuta arobaini.

Na mfanye zoezi lenyewe, Jumamosi jioni, stoo wakiwepo. Zima mama vizuri, pandisha mtoto, waache wauze nusu saa kutokea Dodoma, halafu mrudishe mama wa zamani kama mtoto kwa pg_rewind, hapo ndo ile wal_log_hints inalipa, badala ya kubeba tena GB 400 unapeleka tofauti tu. Mara ya kwanza kufanya zoezi hili pale tulipangiwa dakika 15, tukatumia saa mbili na dakika kumi, na saa nzima kati ya hizo tulikuwa tunatafuta nani ana nywila ya seva ya Dodoma.