Feni ya kadi ya grafiki isipotii programu

Feni ikipanda na kushuka ovyo, au ikizembea wakati gemu limekolea, usikimbilie kununua kadi nyingine. Mara nyingi feni moja inaamrishwa na programu mbili. MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi na feni yake, ikiwaka pamoja na programu ya aliyetengeneza kadi, au na marekebisho yaliyomo kwenye draiva (programu inayoiendesha kadi) ya AMD, kila moja inafuta mpangilio wa mwenzake. Bakiza moja. Nyingine iondoe kabisa, kwani ukifunga dirisha tu inaendelea chinichini. Halafu zima kompyuta na uiwashe upya.

Kwenye Afterburner, ingia mipangilio, ukurasa wa "Fan", weka tiki ya juu kabisa ili uchore mstari wako wa kasi ya feni kwa kila joto. Namba za watu wa nchi za baridi ziache hukohuko. Chumba cha bati cha Igoma, Mwanza, saa nane mchana ni habari nyingine. Anza hivi: joto la nyuzi 40 kasi asilimia 30, nyuzi 60 asilimia 50, nyuzi 70 asilimia 70, nyuzi 80 asilimia 90, nyuzi 85 asilimia 100. Mstari uwe unapanda taratibu. Ukipanda wima sehemu moja, joto likichezea hapo feni itanguruma na kunyamaza kila dakika. Kwenye ukurasa huohuo kuna hysteresis, yaani nyuzi ambazo joto lishuke kwanza ndipo feni ipunguze kasi. Weka nyuzi 3 hadi 5, feni isishuke haraka.

Ruhusu pia programu ijiwashe na Windows. Mstari huu unaishi ndani ya programu, si ndani ya kadi: umeme ukikatika na programu isipojiwasha, kadi inarudia mpangilio wa kiwandani.

Feni kusimama kabisa kompyuta ikiwa haina kazi si ubovu. Kadi nyingi za sasa hufanya hivyo mpaka joto lifike nyuzi 50 au 60. Ila ukiweka asilimia 100 kwa mkono na haizunguki, angalia waya wake au feni yenyewe.

Joto likigoma kushuka ingawa feni inakimbia, fungua boksi. Kwa wanaokaa karibu na Ziwa Victoria, Kirumba ya Mwanza kwa mfano, vijidudu vya ziwani hufuata taa usiku, vikafia kwenye mapezi ya kupozea na kushikana na vumbi. Chomoa umeme, toa kadi, tumia brashi laini na blowa, huku umezuia panga za feni kwa kidole. Zikizungushwa kasi na upepo huo, beringi zinaharibika.

Kwa laptop, usihangaike na mstari huu: nyingi haziiruhusu Afterburner kugusa feni.