SOMO: Wakati uliopita wa Kiingereza, na kwa nini "I didn't went" haifai

Salaam wakuu. Swali hili nimelijibu inboksi mpaka basi, kwa hiyo leo naliweka hadharani mara moja. Atakayeniuliza tena faragha nitamtumia uzi huu, asinune.

Tunazungumzia "simple past" tu, yaani jambo lililotokea likaisha: "Neil Armstrong walked on the Moon in 1969." Habari za "was walking" na "had walked" zina siku yake.

Hatua ya 1. Hakikisha jambo limekwisha. Ukiona "yesterday", "last week", "two days ago" au mwaka uliopita umetajwa, umefika.

Hatua ya 2. Kitenzi kinachofuata kanuni kiongezee -ed: "work" inakuwa "worked". Kikiishia na e, ongeza d tu: "liked". Kikiishia na konsonanti halafu y, hiyo y inageuka i: "tried". Lakini "played" inabaki na y yake kwa sababu imetanguliwa na irabu. "Stop" inarudia herufi ya mwisho, "stopped". Kwa maneno ya silabi mbili sikiliza mkazo: "admit" ina mkazo mwishoni, ndiyo "admitted", "visit" ina mkazo mwanzoni, ndiyo "visited". Waingereza huandika "travelled", Wamarekani "traveled". Chagua upande mmoja ukae nao.

Hatua ya 3. Visivyofuata kanuni vinakaririwa. Ila tafadhali usikariri kwa alfabeti, utachoka ukiwa kwenye B. Panga kwa sauti: "sing, sang", "ring, rang", "drink, drank" ni kundi moja. "Keep, kept", "sleep, slept", "feel, felt" ni jingine. "Bring, brought", "buy, bought", "think, thought" yanakwenda pamoja, na "catch, caught", "teach, taught" yako jirani. "Put", "cut", "hit" na "shut" hayabadiliki kabisa. Anza na vinavyotumika kila dakika: be, have, do, say, go, get, make, know, think, take, see, come. Itazame hiyo orodha vizuri: hakuna hata kimoja kinachopokea -ed. Anayejua kanuni ya -ed peke yake hawezi kusimulia hata asubuhi yake.

Hatua ya 4. "Was" kwa I, he, she, it. "Were" kwa we, you, they. Vitenzi vingine havijali mtendaji ni nani: "she worked", "they worked". Ile s ya wakati uliopo isahau.

Hatua ya 5. Kukanusha na kuuliza. Someni taratibu, maana maswali tisa kati ya kumi ninayopata yanatoka hapa.

Kiswahili chetu kinatuzoesha vingine. "Nilienda" ukiikanusha unapata "sikuenda", na wakati uliopita bado umo ndani ya kitenzi kilekile, kwenye -ku-. Ukiuliza, unapandisha sauti tu: "Ulienda?" Kitenzi hakikuguswa. Kwa hiyo tukifika kwenye Kiingereza tunataka kuuona wakati kwenye kitenzi kikuu, na tukiona "went" roho inatulia. Kumbe kwa Kiingereza "did" imeshaubeba mzigo wote wa wakati, na kitenzi kikuu kinatembea mikono mitupu: "I didn't go." "Did you go?" "Where did she go?" Wakati unaonyeshwa mara moja tu. Ukiuonyesha mara mbili, umeharibu.

Tahadhari. Kosa hili halimo kwenye "went" peke yake. Wengi wameshaacha "didn't went" lakini bado wanaandika "did it worked?" bila kushtuka, kwa kuwa -ed haipigi kelele sikioni. Tena, "be" haitaki "did" hata kidogo: sema "I wasn't there", "Were you there?" "Have" inaitaka: "I didn't have time", si "didn't had". Na "do" ikiwa ndiyo kitenzi kikuu, zote mbili zinakaa pamoja bila ugomvi: "I didn't do it."

La mwisho hapa ni "who". "Who called you?" haina "did" kwa sababu unamtafuta aliyepiga simu. "Who did you call?" inayo, kwa sababu mpigaji ni wewe na unaulizwa ulimpigia nani.

Hatua ya 6. Kusimulia. Sisi tukishaweka -li- mwanzoni, -ka- inamalizia kazi: "Niliamka, nikaoga, nikaondoka." Kiingereza hakina -ka-. Kila kitenzi kijitegemee: "I woke up, took a bath and left." Ukiandika "I woke up, take a bath and leave" msomaji anakwama katikati. Lakini baada ya "to" kitenzi kinarudi umbo la msingi: "I wanted to leave", kamwe si "to left".

Karibuni kwa maswali. Someni kwanza.

MASWALI

haraka_haraka: Mkuu sijaelewa, ni "I did not went" au "I did not gone"?

Mwandishi: Hakuna hata moja. Hatua ya 5.

daftari_jipya: Shukrani kwa somo. Kiswahili nasema "nimemwona jana" na hakuna anayenishangaa. Kwa nini "I have seen him yesterday" wanaikata?

Mwandishi: Swali zuri hili. Sisi -me- tunaizungusha popote, hata ukitaja jana. Kiingereza "have seen" inaunganisha jambo na sasa hivi, hivyo ukishataja wakati uliokwisha, kama "yesterday", umekata huo uzi. Lazima "I saw him yesterday". Usipotaja wakati, "I have seen him" iko sawa. Nyongeza: penye "already", "yet" na "just", Wamarekani wengi hutumia simple past, "Did you eat yet?", wakati Mwingereza atapendelea "Have you eaten yet?" Ukikutana nazo zote usidhani mmoja kakosea.

mzee_wa_hoja: Unapotosha watu. Nimemsikia Mmarekani kwa masikio yangu akisema "I did go". Sasa "did" imetoka wapi na hakuna kukanusha?

Mwandishi: Sijapotosha mtu. Hiyo ni ya kusisitiza, mtu akikubishia kwamba hukwenda. Na angalia alichosema baada ya "did": "go". Hakusema "I did went". Umeniletea ushahidi wangu mwenyewe.

haraka_haraka: Weka PDF ya vitenzi vyote

Mwandishi: Sina. Hatua ya 3.

sauti_ya_pili: Mimi tatizo langu ni kutamka. "Worked" nasema "woked", silabi mbili, watu wanacheka.

Mwandishi: Wakicheka waache. Silabi inaongezeka pale tu kitenzi kinapoishia na sauti ya t au d: "wanted", "needed". Kwingine kote haiongezeki. "Worked" inaishia na t iliyobanwa kwenye k, "played" inaishia na d. Zamani Waingereza wenyewe waliitamka -ed kama silabi kamili, na mabaki yapo kwenye "learned" ikiwa na maana ya msomi: hiyo ni silabi mbili.

daftari_jipya: Na "go" ilipataje "went"? Hazifanani hata herufi moja.

Mwandishi: Imeazima. "Went" ilikuwa ya kitenzi kingine, "wend", kama "send, sent". "Go" ikaichukua moja kwa moja, na "wend" ikabaki na "wended", ambayo leo huisikii ila kwa nadra.

kalamu_butu: Niliandika "I born in 1998" kwenye barua ya maombi ya kazi. Nimeharibu?

Mwandishi: Rekebisha kabla hujatuma nyingine. "I was born in 1998." "Kuzaliwa" ni kutendwa, kwa hiyo "was" haiepukiki. "I am born" nayo usiiandike.

sauti_ya_pili: Dokezo kwa wengine: kila usiku naandika sentensi chache za siku yangu, halafu nazigeuza zote ziwe kanushi, kisha maswali. "Did" imeanza kuja yenyewe.

Mwandishi: Zoezi zuri, nalichukua. Ongeza swali moja la "who" kila siku.

haraka_haraka: "Read" wakati uliopita ni "readed"?

Mwandishi: Ni "read" ileile kwa maandishi, ila inatamkwa kama rangi nyekundu, "red". Hili angalau hukuliuliza kabla.