Kufundisha Kiingereza cha adabu na malalamiko, hatua kwa hatua

“Give me your passport.” Sentensi hii haina kosa hata moja la sarufi. Mhudumu wa mapokezi anamwambia mgeni aliyeshuka kwenye ndege usiku, na mgeni anasikia amri ya askari. Mhudumu hana habari kabisa, kwa sababu moyoni alikuwa anasema “naomba pasipoti yako”, tena kwa upole na tabasamu.

Nafundisha watu wazima Dar es Salaam, madarasa ya jioni: wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, makarani, wauguzi. Watu hawa hawahitaji kufundishwa adabu. Wamelelewa kwa shikamoo na hodi. Wanachohitaji ni kujua adabu ya Kiingereza imekaa sehemu gani ya sentensi, maana haikukaa pale ilipokaa ya kwetu. Mwaka 1983 mwanaisimu Jenny Thomas aliandika jambo ambalo kila mwalimu wa lugha angepaswa kulijua: ukikosea sarufi, msikilizaji anaona kwamba bado unajifunza; ukikosea namna ya kuongea na watu, anaona kwamba huna adabu. Na kadiri unavyoongea vizuri ndivyo anavyokuhukumu zaidi, kwa kuwa hadhani tena kwamba tatizo ni lugha.

Hatua ninazofuata ni hizi, kwa mpangilio huu.

Hatua ya 1: Anza na Kiswahili ubaoni

Usiguse Kiingereza kwanza. Andika:

Nataka maji.
Nipe maji.
Naomba maji.
Samahani dada, naomba unisaidie maji.

Uliza: ipi unamwambia mdogo wako? Ipi unamwambia mama mkwe? Ipi huwezi kumwambia mtu yeyote nje ya nyumba? Darasa litachangamka na mabishano yatakuwepo. Waache wabishane, kisha waulize walikuwa wanapima nini. Watakuambia wenyewe: cheo au umri, ukaribu, na uzito wa kile unachoomba. Ndiyo mambo matatu ambayo Penelope Brown na Stephen Levinson waliyaweka kwenye nadharia yao ya adabu, iliyotoka mwaka 1978 na kuchapishwa upya kama kitabu mwaka 1987. Ukiwaambia hivyo wanafunzi wanakaa vizuri kwenye viti, wakijua kwamba somo hili wana nalo tayari nusu.

Sasa pigia mstari mahali adabu ilipo kwenye sentensi hizo: kitenzi “naomba”, ile -e ya “unisaidie”, neno “dada”, na salamu iliyotangulia. Kisha waonyeshe kwamba Kiingereza hakina -e hiyo, kwamba mgeni akiitwa “sister” na mtu asiyemjua atashangaa, na kwamba salamu yao ni fupi. Ukitafsiri neno kwa neno, vyote hivyo vinadondoka njiani na amri inabaki tupu. Hapo ndipo “give me” inapozaliwa.

Hatua ya 2: Ngazi ya maombi

Chora ngazi, uweke sentensi kutoka kali hadi laini:

Give me the key.
Give me the key, please.
Can I have the key, please?
Could I have the key, please?
Would you mind giving me the key?
I was wondering if I could have the key.

Kuna mambo mawili ya kukazia. La kwanza, “please” haiondoi amri. “Sit down, please” bado ni amri, ila imepakwa rangi. Kinachobeba adabu ni umbo la swali, kwa kuwa swali linampa mwenzako nafasi ya kukataa. La pili ni wakati uliopita. Wanafunzi huuliza kwa nini mtu aseme “I wanted to ask” ilhali anataka kuuliza sasa hivi. Waulize wao husemaje wakifika dirishani kwenye ofisi yoyote: “Nilikuwa naomba kuuliza…” Ni mbinu ileile. Unalirudisha ombi nyuma kidogo ili lisimsukume mtu. Tangu nianze kutumia mfano huu sijalazimika kueleza jambo hilo mara mbili.

Tahadharisha kuhusu “Would you mind”. Mwanafunzi akijibu “Yes” kwa nia njema, amekataa. Jibu la kukubali ni “Not at all” au “Of course”. Hapohapo gusa maswali ya ukanushi, kwa sababu yatarudi kwenye malalamiko. Mhudumu anauliza “So the water isn’t hot?”, mwanafunzi anajibu “Yes” akiwa na maana ya “ndiyo, si ya moto”. Mwingereza anatarajia “No, it isn’t.” Wafundishe kutojibu kwa neno moja, wamalizie sentensi yote na utata utaondoka.

Ofisini kwetu “Kindly send me the report” ni sentensi ya kawaida na sioni sababu ya kuipiga marufuku. Ila wanafunzi wanaoandikia wateja wa Uingereza nawashauri watumie “Could you please send me”, kwa maana huko “kindly” inaweza kusikika kama mkubwa aliyeanza kukasirika.

Hatua ya 3: “Sorry” ipewe kazi zake

Mgeni akijikwaa ngazini, mhudumu wetu husema “Sorry!” Mgeni anashangaa: “It wasn’t your fault.” Huyu alitoa pole, yule akasikia ameombwa radhi. Wape sentensi kamili badala ya neno tupu: “Are you all right?” kwa aliyejikwaa, “I’m sorry to hear that” kwa mgonjwa au mfiwa, na “I’m so sorry about that” pale kosa linapokuwa la kwetu. Kumsimamisha mtu kabla ya kuongea naye ni “Excuse me”. Somo la robo saa hili, msikae nalo.

Hatua ya 4: Sauti

“Could I have the bill, please?” ikisemwa kwa sauti bapa na ya haraka inarudi kuwa amri. Zoezi langu ni kusema sentensi yote bila maneno, kwa kuguna tu, na wenzako wakisie kama unaomba au unaamuru. Lifanye kila siku dakika chache mwanzoni mwa kipindi. Hakuna haja ya kuwafanya waongee kama watangazaji wa London; sauti ishuke na kupanda tu panapostahili.

Hatua ya 5: Lalamiko lijengwe kipande kwa kipande

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo vipindi kadhaa.

Waambie: hotelini chumbani kwako hakuna maji ya moto, nenda mapokezi. Utapata makundi mawili. Kundi la kwanza litasema kitu kama hiki:

“You people, there is no hot water. Why? You must fix it now.”

Kundi la pili halitalalamika kabisa. Litasema “It is okay” na kuoga maji ya baridi, kwa sababu wamefundishwa tangu utotoni kwamba mtu wa lawama hapendezi. Ni muhimu uwahudumie wote wawili. Waambie wazi kwamba kwa Kiingereza lalamiko lililosemwa vizuri si ugomvi, na hoteli nzuri hupenda kulisikia kabla mgeni hajaondoka.

Ichukue ile sentensi ya kundi la kwanza uiandike ubaoni, halafu mng’oe maneno pamoja. “You people” itoke, inamtukana hata asiyehusika. “Why?” itoke, inamtaka mtu ajitetee. “You must” itoke. Mwanafunzi alikuwa anatafsiri “lazima”, lakini masikioni mwa mgeni hayo ni mamlaka asiyokuwa nayo.

Sasa jengeni upya. Anza kwa kumwondoa mtu na kukiacha kitu. Hapa Kiswahili kinakubeba tena, maana sisi ni mabingwa wa jambo hili: umeme umekatika, glasi imevunjika, chakula kimechelewa. Hatusemi nani kafanya. Kiingereza kinafanya hivyo kwa njia zake:

The shower isn’t working.
The room hasn’t been cleaned.
There seems to be a problem with the bill.

Kisha vilainishi. “I’m afraid” mwanzoni mwa sentensi haina woga wowote, inatangulia habari isiyopendeza. “A bit cold” badala ya “cold”. “Not very clean” badala ya “dirty”. Mwisho, panga vipande: kumwita mtu, kueleza tatizo, kueleza linakuathiri vipi, kuomba unachotaka, kushukuru. Kipande cha tatu husahaulika sana, nacho ndicho kinachomfanya mhudumu anyanyuke. Matokeo yawe karibu na haya:

“Excuse me, I’m sorry to bother you, but I’m afraid there’s no hot water in my room. I’m leaving very early tomorrow and I’d really like a shower tonight. Could someone have a look at it, please? Thank you.”

Salamu mwanzoni iwe moja tu. Mwanafunzi anayeuliza habari za kazi, za nyumbani na za watoto kwa karani mwenye foleni ndefu atakatizwa kabla hajafika kwenye shida yake, na ataona amedharauliwa.

Wakishaiweza hiyo, wape awamu ya pili: umelalamika asubuhi, jioni hakuna kilichofanyika. Lugha ipande bila matusi kuingia: “I’m sorry, but I mentioned this this morning and it still hasn’t been fixed. Could I speak to the manager, please?” Nguvu ya sentensi hii iko kwenye “still”. Wafundishe kuikazia na kunyamaza wasubiri jibu.

Hatua ya 6: Kulisikia lalamiko lililofichwa

Kwa wanafunzi wanaofanya kazi ya kuhudumia watu, hatua hii ina thamani kuliko zote. Mgeni wa Uingereza akisema “It’s a bit noisy”, mara nyingi hajapata usingizi. Akisema “I’m a little disappointed”, amekasirika. Mwanafunzi anayesikia “a bit” na “a little” kwa maana ya kamusi atatabasamu na kuendelea na kazi yake, na mgeni ataandika mtandaoni kwamba alipuuzwa. Wamarekani mara nyingi husema moja kwa moja zaidi, lakini mwanafunzi asiwagawe watu kwa pasi zao. Asikilize sauti na atazame uso.

Jibu nalo lina mpangilio: shukuru, omba radhi, rudia tatizo kwa maneno yako, sema utafanya nini na lini.

“Thank you for letting me know, and I’m very sorry about that. So there’s no hot water in room twelve. I’ll send someone up now, and he’ll be with you in ten minutes.”

Sisitiza muda kwa dakika. “Soon” na “just now” hazimtulizi mtu mwenye hasira. Piga marufuku tatu: “Calm down”, “It’s not my fault” na “That’s not my department.” Hata kama ni kweli si idara yake, aseme “Let me find the right person for you.” Na asiahidi punguzo la bei ambalo hana idhini nalo.

Hatua ya 7: Igizo lenye siri

Maigizo ya kusoma kutoka kwenye kitabu hayafundishi kulalamika, kwa kuwa kila mtu anajua mwisho. Tengeneza kadi. Ya mgeni: bili yako ina juisi mbili ambazo hukuagiza, na teksi inakusubiri nje. Ya mhudumu: juisi zimeandikwa kwenye daftari kwa sahihi, na bosi hapatikani kwenye simu. Kila mmoja asome yake tu. Mwanafunzi wa tatu asikilize na kuandika maneno laini aliyoyasikia, kisha wabadilishane nafasi. Kadi nyingine zitoke kwenye maisha yao: basi la safari lisilo na kiyoyozi walichokilipia, chenji pungufu, bando lililoisha ghafla, mwenye nyumba wa kigeni asiyerekebisha bomba. Usisahihishe katikati ya igizo. Andika pembeni, rekebisheni mwishoni.

Hatua ya 8: Lalamiko la maandishi

Sasa wanafunzi wengi wananunua vitu nje kwa mtandao, kwa hiyo waandike barua pepe ya kweli:

“Dear Sir or Madam,
I am writing about order number 4471, which arrived on 3 May. Unfortunately, the shoes are size 40 instead of 43. I have attached a photo. Could you please send the correct size or refund the payment? I look forward to hearing from you.”

Tarehe, namba, kilichotokea, unachotaka. Hakuna herufi kubwa za hasira wala alama za mshangao tatu mfululizo. “I am writing to complain” waitunze kwa barua ya pili, kama ya kwanza haikujibiwa.

Kupima

Wiki ya kwanza kabisa, kabla ya hatua yoyote, wape karatasi yenye tukio moja: sahani uliyoletewa ina chakula kilichopoa. Waandike watakachomwambia rafiki aliyepika, mhudumu wa mgahawa, na meneja. Ikusanye bila kuisahihisha. Wiki ya mwisho wape karatasi ileile. Usihesabu makosa ya tahajia. Angalia kama sentensi tatu zimetofautiana, kama mtu ameondolewa na kitu kimebaki, na kama kuna ombi lililo wazi mwishoni. Anayemwandikia rafiki yake “I was wondering if” naye mrudishe ngazi ya chini, kwa sababu rafiki huyo ataona amewekwa mbali.