Kumsaka babu kwenye rekodi za zamani ukianzia kwenye mti wa ukoo mtandaoni

Wakuu, hili swali la jinsi ya kumpata babu kwenye rekodi za zamani nimeulizwa na ndugu mpaka nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi naandika hapa mara moja. Mimi natumia tovuti ya FamilySearch kwa sababu ni bure, wenyewe ni kanisa la Wamormoni la Marekani lakini si lazima uwe muumini wao, unafungua akaunti tu unaendelea na yako. Jua kwamba mti wa pale ni mmoja wa dunia nzima, yeyote anaweza kuja akabadilisha ulichoandika, ila walio hai hawaonekani kwa wengine. Anza na wewe, panda kwa wazazi, mpaka ufike kwa waliotangulia.

Sasa fungua ukurasa wa babu. Pembeni kuna sehemu ya kutafuta rekodi, ukibonyeza tu inachukua yenyewe jina, mwaka na mahali ulipojaza inavimwaga kwenye fomu ya kutafutia. Hapa ndo wengi wanakwama, maana inabeba kila kitu, mke, wazazi, mpaka kijiji, majibu yanakuja sifuri, mtu anafunga kompyuta anasema humu hamna Waafrika. Futa vyote bwana! Bakiza jina na nchi, ukiletewa mafuriko ndo unarudisha kimoja kimoja.

Halafu majina. Ile fomu inaamini kila mtu ana jina la ukoo kama Wazungu, wakati sisi jina la mwisho ni la baba au la babu, kwa hiyo Juma wa Hamisi mtoto wake ni fulani Juma, na mjukuu wala hana Hamisi kwenye jina lake. Jaribu jina la baba kwenye kisanduku cha ukoo, kisha la babu, kisha acha wazi kabisa, na ugeuze, yaani la kwanza liende mwisho. Karani naye aliandika alivyosikia. Hamisi unamkuta Khamis, Athumani ni Othman, na Mjerumani ndo balaa, Juma kwake anaweza kuwa Dschuma, Yusufu akawa Jusuf, hata Zanzibar kwao ni Sansibar. Dawa yake ni nyota: andika M*ham*d* utawapata Mohamed, Muhamadi na Mohammed kwa mpigo mmoja. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja tu, mfano Sul?mani.

Mahali nako kuna mtego. Lushoto ya Mjerumani ni Wilhelmstal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, kwa Wakenya Murang'a ilikuwa Fort Hall na Kisumu ilikuwa Port Florence. Tanzania kama jina ni la 1964, babu aliyefariki 1950 amefia Tanganyika.

Mwaka wa kuzaliwa usiushikilie, weka nafasi ya miaka mitano au kumi huku na huku. Kama bibi anasema babu alizaliwa reli ilipofika, uliza imefika wapi, Tabora ilifika 1912, Kigoma 1914.

Mtandao wenyewe pia utakuletea vidokezo kwamba huyu huenda ni babu yako. Nilipoanza nilikubali kimoja kwa furaha, jina na baba vinafanana kabisa, nikambandika, na mke wake nikambeba, kumbe ni mtu wa wilaya nyingine. Nilikuja kuambiwa na shangazi! Siku hizi lazima vilingane vitu vitatu, jina peke yake halitoshi, maana Juma Hamisi wako wangapi nchi hii. Na kabla ya kubandika fungua picha ya karatasi yenyewe, waliochapa majina kutoka kwenye karatasi nao wanakosea.

Kama mzee alikuwa askari au mpagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, hamia kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, inatafutika bure kwa jina la marehemu. Ila usishangae ukimkosa. Wenyewe mwaka 2021 walikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kariakoo yenyewe imebeba jina la kikosi cha wapagazi, wapagazi wenyewe majina hatuna.

La mwisho, kule FamilySearch ukiona alama ya kamera yenye ufunguo, picha ya rekodi ipo ila haifunguki nyumbani, mara nyingi mpaka uende kwenye kituo chao, kawaida kiko ndani ya kanisa lao. Piga simu kwanza ujue siku wanazofungua, na ubebe flashi.