Kibodi, Kipanya na Monita Moja kwa Kompyuta Mbili

Kuhamisha kibodi na kipanya kutoka kompyuta moja kwenda nyingine ni kazi ndogo. Vifaa hivi hutuma data kidogo mno, na swichi (kisanduku cha kubadilishia kompyuta) ya bei ya chini kabisa huimudu. Matata yako kwenye picha. Monita ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160) inayoonyesha picha 60 kwa sekunde hupokea karibu gigabiti 18 kila sekunde kupitia waya wa HDMI, na kila adapta, waya mrefu au swichi hafifu inayowekwa njiani huyadhoofisha mawimbi ya picha hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, igeuze monita uitazame mgongoni. Ikiwa ina matundu mawili ya picha, iwe HDMI mbili au HDMI na DisplayPort, hakuna haja ya kupitisha picha kwenye swichi yoyote. Wengi hununua swichi ya KVM, ile inayohamisha picha, kibodi na kipanya kwa pamoja, ilhali swichi ndogo ya USB ingewatosha na picha ikabaki safi.

Monita yenye matundu mawili

Utahitaji nyaya mbili za picha, swichi ya USB ya kompyuta mbili, na nyaya mbili za USB za kutoka kwenye swichi hadi kwenye kompyuta. Hizi za mwisho zitazame vizuri kabla ya kununua: swichi nyingine zinataka waya wa aina ya printa (A kwenda B), nyingine A kwenda A, na nyingine zina nyaya zilizogandishwa humohumo ambazo aghalabu ni fupi.

1. Unganisha kompyuta ya kwanza na monita kwa HDMI, na ya pili kwa tundu lililobaki. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha iunganishe kwenye tundu la kadi hiyo, si lile lililo karibu na matundu ya USB. Hilo la pili mara nyingi huwa limezimwa kadi inapokuwepo.
2. Peleka waya mmoja wa USB kutoka kwenye swichi hadi kila kompyuta.
3. Chomeka kibodi na kipanya kwenye swichi.
4. Washa kompyuta zote mbili. Bonyeza kitufe cha swichi, kisha chagua tundu la kompyuta hiyohiyo kwenye menyu ya monita.
5. Ndani ya menyu hiyo, zima utafutaji wa picha wa kiotomatiki. Usipouzima, kompyuta moja ikilala monita itarukia nyingine wakati hukuitaka. Wapo wanaoipenda tabia hiyo, kwa kuwa wakiilaza kompyuta moja monita inahama yenyewe. Basi uache ukiwa umewashwa, mradi ujue kinachotokea.

Kasoro ya mpangilio huu ni kubonyeza mara mbili: kitufe cha swichi, halafu vile vitufe vya monita vilivyofichwa chini ya ukingo. Dawa ipo. Monita nyingi hupokea amri kupitia waya uleule wa picha kwa utaratibu uitwao DDC/CI, na amri ya kubadili tundu ina namba 60. Thamani zinazotumika mara nyingi ni 15 kwa DisplayPort ya kwanza, 17 kwa HDMI ya kwanza na 18 kwa HDMI ya pili. Watengenezaji wengine hujiamulia namba zao, kwa hiyo jaribu kwanza. Hakikisha pia DDC/CI imewashwa kwenye menyu ya monita.

Kwenye Linux sakinisha programu ya ddcutil. Amri ya `ddcutil detect` itakuonyesha kama monita inasikia, `ddcutil capabilities` itakuorodheshea namba inazozikubali, na `ddcutil setvcp 60 0x11` itakupeleka HDMI ya kwanza (0x11 ndiyo 17 kwa uandishi wa heksadesimali). Ikikataa, mara nyingi ni kwa sababu moduli ya i2c-dev (sehemu ya Linux inayopeleka amri hizo kwa monita) haijapakiwa au mtumiaji hana ruhusa ya kuitumia. Kwenye Windows, programu ya ControlMyMonitor hufanya kazi hiyohiyo kwa `ControlMyMonitor.exe /SetValue Primary 60 17`. Amri hii iweke kwenye njia ya mkato, uipe vitufe vyake, nawe umemalizana na vitufe vya monita.

Hatua moja mbele kuna programu ya bure iitwayo display-switch, inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Isakinishe kwenye kompyuta zote mbili na uipe namba ya utambulisho ya kibodi yako. Kibodi ikifika kwenye kompyuta, programu inaiamuru monita iifuate. Hapo swichi ya USB inageuka kuwa kitufe cha kila kitu, na picha bado inapita moja kwa moja. Monita nyingine hazisikilizi amri inayotoka kwenye tundu lisiloonyeshwa kwa wakati huo. Ukikutana na hilo, panga kompyuta inayoachwa ndiyo itoe amri pale kibodi inapoondoka.

Chunguza pia kama monita yenyewe ina matundu ya USB. Monita yenye matundu mawili ya USB ya kwenda kwenye kompyuta (la umbo la B na la USB-C, kwa mfano) huenda ina KVM ndani. Chomeka kibodi na kipanya kwenye monita, kisha uieleze kwenye menyu ni USB ipi inayoambatana na picha ipi. Kwa laptopu, waya mmoja wa USB-C unaweza kubeba picha, kibodi na chaji kwa pamoja, iwapo tundu la laptopu linatoa picha. Si kila USB-C inatoa. Ukikwama kwenye picha 30 kwa sekunde, tafuta kwenye menyu ya monita pale pa kuchagua USB 3 au USB 2 na uchague 2. Njia za waya zilizokuwa zimegawiwa data zitarudishwa kwenye picha, na kibodi haitahisi tofauti yoyote.

Pale KVM inapohitajika kweli

Monita ikiwa na tundu moja tu, au ukiwa na monita mbili zinazopaswa kuhama pamoja kwa kitufe kimoja, hapo nunua KVM. Usiangalie tu neno 4K kwenye boksi. Swichi ya HDMI 1.4 inaonyesha 4K kweli, ila kwa picha 30 kwa sekunde, na kipanya kinakwenda kwa kurukaruka. Kwa 4K ya 60 unataka HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kwenda juu. Hata monita ya pikseli 2560 kwa 1440 inayokimbia hertzi 144 (picha 144 kwa sekunde) inahitaji kiwango hichohicho.

La pili ni EDID, yaani taarifa ambayo monita huipa kompyuta kuhusu ukubwa na kasi yake. Swichi duni inapohama huikata taarifa hiyo, kompyuta iliyoachwa ikadhani monita imechomolewa. Ukirudi unakuta madirisha yamerundikana pembeni, ikoni zimehama, au picha imeshuka ubora. Tafuta swichi inayosema wazi kwamba inaihifadhi EDID kwa kila kompyuta. Kama umeshanunua isiyohifadhi, kuna viplagi vidogo vya kuigiza EDID vinavyokaa kati ya kompyuta na swichi. Huwa vinamaliza tatizo.

La tatu ni jinsi swichi inavyoishughulikia USB. Baadhi huigiza kibodi kwa kompyuta zote muda wote: kuhama ni papo hapo, na vitufe vya mkato vya kubadili kompyuta vinafanya kazi. Lakini kibodi zenye vitufe vya ziada na vipanya vya michezo hupoteza nusu ya uwezo wao hapo. Nyingine huikata USB na kuiunganisha upya, kwa hiyo kibodi huchelewa sekunde moja mbili kila ukihama. Kipanya chako kikipoteza vitufe vya pembeni, kihamishie kwenye tundu la kawaida la USB la swichi badala ya lile lenye alama ya kipanya. Fahamu tu kwamba kibodi ikihamishiwa huko, vitufe vya mkato vinaweza kuacha kusikika.

Kuunganisha kwenyewe hakuna fumbo: monita iende kwenye tundu la kutoa picha, kila kompyuta ipate waya wake wa picha na wa USB wenye namba moja, kisha uiwashe swichi kwanza, monita, na kompyuta mwisho. Ikiwa swichi ina tundu la umeme la volti 5, litumie hata kama inawaka bila hilo. Umeme wa kuomba kwenye USB ndio chanzo cha kibodi zinazozimikazimika. Kuhama kwa kibodi mara nyingi ni kubonyeza Scroll Lock mara mbili na kisha namba ya kompyuta. Kibodi ndogo hazina kitufe hicho, kwa hiyo soma maelekezo kama swichi inakubali Ctrl mara mbili.

Nyaya ziwe fupi. Swichi imegawanya njia vipande viwili, na urefu wa vyote unajumlishwa. Kwa 4K kila kipande kisizidi mita 2. Adapta nazo zina mwelekeo. Ile ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi ukiigeuza. Kompyuta yenye HDMI pekee ikitakiwa kuingia kwenye swichi ya DisplayPort, inahitaji kigeuzi chenye umeme wake.

Bila swichi

Programu kama Input Leap na Deskflow hushirikisha kibodi na kipanya kupitia mtandao wa ndani: unasogeza kishale hadi ukingoni mwa skrini, kinatokea kwenye kompyuta ya pili. Kwa Windows pekee ipo Mouse Without Borders ndani ya PowerToys (mkusanyiko wa zana za bure za Microsoft), na kwa vifaa vya Apple ipo Universal Control, kuanzia macOS 12.3. Hizi hazihamishi picha. Zinafaa pale kila kompyuta ina skrini yake, mathalani laptopu iliyo wazi kando ya kompyuta ya mezani, au monita inayoweza kugawanywa ionyeshe matundu mawili upande kwa upande.

Kwa Input Leap na Deskflow, kompyuta yenye kibodi huwa seva, na nyingine huunganishwa kwa anwani yake ya IP kupitia bandari 24800. Zisipoonana, sababu ya kawaida ni ngome ya kompyuta (firewall) kuizuia bandari hiyo, au VPN ya kazini (njia ya siri ya kuingia mtandao wa kazi) kuukata mtandao wa ndani. Programu hizi pia hazisaidii kabla mfumo haujawaka, kwa hiyo kuingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) utahitaji kibodi ya kweli. Weka moja kabatini.

Ikiwa kompyuta ya pili unaigusa kwa nadra, huduma ya Windows ya kuingia kompyuta ya mbali (Remote Desktop) inatosha kabisa: itaonekana kama dirisha tu kwenye ya kwanza. Ila inayoingiwa lazima iwe na toleo la Pro au la juu zaidi, kwa sababu la Home haliruhusu kuingiwa kwa njia hiyo.

Yanayoharibika mara nyingi

Kipanya kisichotumia waya kikikwama, chunguza kipokezi chake. USB 3 hutoa kelele kwenye masafa ya gigahertzi 2.4, masafa yaleyale ya kipanya. Kipeleke tundu la USB 2, au kitoe mbali na swichi kwa waya wa nyongeza wa nusu mita. Vifaa vya Bluetooth havipiti kwenye swichi kabisa, kwa kuwa vimeunganishwa na redio ya kompyuta moja. Hapo nunua kibodi yenye kitufe cha kubadili kati ya vifaa vitatu.

Skrini ikiwa nyeusi huku kompyuta inawaka, chomeka kompyuta hiyo kwenye monita moja kwa moja. Picha ikionekana, kosa ni la swichi au la nyaya zake: badili waya mmoja mmoja, na kwa majaribio ushushe kasi hadi hertzi 30. Ikitulia kwa 30 na kupotea kwa 60, waya hauwezi mzigo.

Kompyuta iliyolala ikigoma kuamshwa kwa kibodi, kwanza hamia kwake ndipo ubonyeze kitufe. Kama bado, ruhusu kifaa kuamsha kompyuta kwenye mipangilio ya kibodi na kwenye BIOS.

Na diski ya nje usiichomeke kwenye swichi hata kama tundu liko tupu. Kila unapohama, swichi inaichomoa bila kuaga, na faili lililokuwa linaandikwa linakatika katikati.